Kesi ya Eric Adams ilifutwa. Kwa nini basi hakurudi kwenye kiti cha umeya wa New York?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza hivi: “Meya wa New York, Eric Adams, alishtakiwa kwa rushwa, kisha akafutiwa kesi. Kwa ninavyoona mimi, mwanasiasa akishafutiwa kesi hurudi kwa wananchi na nguvu mpya, maana huonekana alionewa. Kwa nini yeye aliacha mbio hata kabla ya siku ya kura? Na imekuwaje kiti hicho kikaenda kwa kijana aliyezaliwa Kampala, wakati siku zote tunaambiwa mzaliwa wa nje hawezi kuongoza Marekani?”

Ndugu msomaji, nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako limebebwa na neno moja tu, nalo ni “kufutwa”. Kesi ya Adams ilifutwa kabla ya kusikilizwa. Hakuna shahidi aliyepanda kizimbani wala ushahidi uliopimwa, na hakuna aliyetamka kwamba mtu huyu ana hatia au hana. Nimeifuatilia habari hii kuanzia hati ya mashtaka hadi siku ya kura, na msimamo wangu ni kwamba mashtaka yalimjeruhi, lakini kilichommaliza kisiasa ni namna mashtaka hayo yalivyoondolewa.

Kwanza tuelewane juu ya cheo chenyewe. Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na shughuli za kila siku za jiji ziko chini ya mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Kenya, tangu mfumo wa kaunti uanze mwaka 2013, Nairobi haina tena meya bali ina gavana. Meya wa New York huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura kila baada ya miaka minne, hawezi kushika vipindi zaidi ya viwili mfululizo, huteua kamishna wa polisi na mkuu wa shule za umma, na bajeti ya jiji lake inazidi dola bilioni 100 kwa mwaka. Kwa hiyo unapomfikiria Adams, mfikirie gavana wa Nairobi kuliko meya wa Tanga.

Adams aliingia ofisini tarehe 1 Januari 2022, akiwa Mmarekani Mweusi wa pili kuliongoza jiji hilo baada ya David Dinkins. Alikuwa amehudumu katika jeshi la polisi la jiji kwa miaka 22, akawa seneta wa jimbo, kisha mkuu wa kuchaguliwa wa Brooklyn, ambayo ni moja ya sehemu tano zinazounda New York. Ushindi wake wa 2021 ndani ya Chama cha Demokrasia ulikuwa mwembamba, kwani alimpita Kathryn Garcia kwa kura 7,197 tu. Nalitaja hili kwa sababu mtu aliyeingia kwa upenyo mwembamba hivyo hana akiba ya wafuasi ya kutumia siku za shida.

Shida ilifika Septemba 2024. Waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho walimfungulia mashtaka matano, yakiwemo ya kula njama, udanganyifu, kuomba michango ya fedha kutoka kwa watu wa nje ya nchi, na rushwa. Walidai kwamba tangu akiwa kiongozi wa Brooklyn alipokea safari za anasa zenye thamani ya zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu wenye uhusiano na Uturuki. Kwamba kampeni yake ilipokea fedha haramu zilizopitishwa kwa majina ya watu wengine. Na kwamba mwaka 2021 aliishinikiza idara ya zimamoto iruhusu jengo jipya la ubalozi mdogo wa Uturuki lifunguliwe kabla ya kukaguliwa, ili liwe tayari kwa ziara ya Rais Erdoğan. Adams alikana yote, na amekana hadi leo. Alisema anaandamwa kwa sababu aliilaumu serikali ya Joe Biden juu ya wahamiaji, ambao zaidi ya 200,000 walikuwa wamepitia mikononi mwa jiji tangu 2022. Hata hivyo hakuna meya mwingine wa New York katika zama hizi aliyekuwa ameshtakiwa kwa jinai akiwa bado ofisini, na watu wake wa karibu nao walikuwa wakichunguzwa. Kamishna wake wa polisi aliacha kazi mwezi huohuo baada ya simu yake kuchukuliwa na wapelelezi, na mshauri wake mkuu alishtakiwa Desemba katika shauri tofauti.

Hadi hapo, mwanasiasa hodari angeweza bado kujitetea. Wapigakura wa New York wamewahi kuwavumilia watu wenye mashaka, na Adams alikuwa na jambo la kuonyesha: mauaji yalishuka kutoka 488 mwaka 2021 hadi 377 mwaka 2024, na mwishoni mwa 2024 Halmashauri ya Jiji ilipitisha mpango wake wa kulegeza masharti ya ujenzi wa nyumba. Kesi ilikuwa imepangwa kuanza Aprili 2025. Kama angesimama mahakamani na kushinda, huenda hadithi aliyoitarajia msomaji wetu, ya mtu aliyeonewa na kurudi kwa kishindo, ingetimia.

Lakini tarehe 10 Februari 2025, wiki tatu tu baada ya Donald Trump kuapishwa, Wizara ya Sheria ya Marekani iliagiza kesi iondolewe. Adams alikuwa amekwisha kumtembelea Trump huko Florida na kuhudhuria kuapishwa kwake. Waraka wa agizo hilo, uliosainiwa na Emil Bove, aliyekuwa akikaimu unaibu mwanasheria mkuu, ulikuwa na mambo ambayo kila mtu anayetaka kuelewa anguko la meya huyu anapaswa kuyatazama kwa makini. Ulisema wazi kwamba uamuzi huo haukutokana na kupima nguvu ya ushahidi. Ulisema pia kwamba kesi inamzuia meya kushughulikia ipasavyo uhamiaji haramu na uhalifu, mambo ambayo serikali mpya iliyatilia mkazo. Tena ulitaka kesi iondolewe kwa namna ambayo ingeweza kufunguliwa upya, na ukaeleza kwamba shauri litatazamwa tena baada ya uchaguzi wa Novemba.

Mtanzania anaijua hali hii. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, mshtakiwa akaachiwa, na bado sheria ikaruhusu ashtakiwe upya kwa jambo lilelile. Anayeachiwa hivyo anatoka mahakamani huku akijua kwamba aliyemwachia anaweza kumwita tena. Sasa fikiria kwamba mtu huyo ni meya wa jiji lenye watu zaidi ya milioni nane, na aliyeshika hatima yake ni serikali inayotaka jiji hilo libadili sera yake kuhusu wahamiaji. Je, anapotoa uamuzi juu ya wahamiaji, anaamua kwa ajili ya nani?

Swali hilo halikuulizwa na wapinzani wake peke yao. Lilitoka kwanza ndani ya ofisi ya mashtaka yenyewe. Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu uongozi wa ofisi hiyo jijini New York, hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto. Aliwahi kufanya kazi chini ya Antonin Scalia, jaji mhafidhina wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na serikali ya Trump ndiyo iliyompa dhamana ile. Alikataa kutekeleza agizo. Alimwandikia Mwanasheria Mkuu Pam Bondi kwamba katika kikao cha mwisho wa Januari mawakili wa Adams walizungumza kwa namna iliyokuwa sawa na kutoa ushirikiano wa meya kama malipo ya kufutiwa kesi. Mawakili hao walikanusha vikali. Tarehe 13 Februari Sassoon alijiuzulu, na waendesha mashtaka wengine, wa New York na wa Washington, wakamfuata mmoja baada ya mwingine.

Siku hiyohiyo Adams alikutana na Tom Homan, msimamizi wa masuala ya mipaka katika serikali ya Trump, kisha akatangaza kwamba atawaruhusu maofisa wa uhamiaji kurudi katika gereza la Rikers Island. Asubuhi iliyofuata wawili hao walikaa pamoja kwenye televisheni, na Homan akasema mbele ya kamera kwamba meya asipotimiza ahadi, atamfuata ofisini kwake. Adams alicheka. Nakiri kwamba kati ya mambo yote ya sakata hili, kicheko kile ndicho kilichonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu mzima aliyechaguliwa na wananchi alikuwa akiambiwa hadharani kwamba yumo mfukoni mwa mwingine, naye hakupata la kujibu. Siku chache baadaye manaibu wake wanne walitangaza kuondoka. Utafiti wa maoni wa Chuo Kikuu cha Quinnipiac, uliotoka mapema Machi, ulionyesha kwamba ni asilimia 20 tu ya wapigakura walioridhika na kazi yake, kiwango cha chini kuliko cha meya yeyote tangu chuo hicho kianze kupima maoni hayo mwaka 1996.

Ndipo tunapofika kwa jaji. Tofauti na utaratibu wetu, katika mahakama za shirikisho za Marekani upande wa mashtaka hauwezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Jaji Dale Ho aliliteua jicho la nje, wakili mashuhuri Paul Clement, ili amshauri, na tarehe 2 Aprili 2025 akatoa uamuzi. Alieleza kwamba mahakama haina uwezo wa kuilazimisha serikali kuendesha mashtaka isiyoyataka. Lakini alikataa kuuacha mlango wazi: aliifuta kesi moja kwa moja, isiweze kufunguliwa tena, akisema kwamba vinginevyo ingeonekana uhuru wa meya unategemea utii wake kwa sera za serikali kuu kuhusu wahamiaji. Aliongeza kwamba mazingira yote yalinuka makubaliano ya nipe nikupe, na kwamba uamuzi wake hausemi lolote kuhusu hatia au usafi wa mshtakiwa. Kwa hiyo karatasi ileile iliyomwokoa Adams na kifungo ndiyo iliyoandika, kwa mkono wa jaji, shaka ambayo wananchi walikuwa nayo. Hakupewa fursa ya kusema, “Nimeshinda.” Aliweza kusema tu, “Nimeachiwa.”

Huenda utajiuliza kwa nini hakuondolewa mapema. Kenya gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliondolewa Desemba 2020 baada ya Bunge la Kaunti kumpigia kura na Seneti kuthibitisha. Halmashauri ya Jiji la New York haina mamlaka ya namna hiyo. Njia ya kwanza ni gavana wa jimbo, ambaye sheria inamruhusu kumsimamisha na kumwondoa meya baada ya kumpa nafasi ya kujitetea. Uwezo huo haujawahi kutumika hadi mwisho. Mwaka 1932 Gavana Franklin Roosevelt alimhoji Meya Jimmy Walker juu ya tuhuma za ufisadi, lakini Walker alijiuzulu kabla hukumu haijatolewa. Njia ya pili ni kamati ya watu watano inayoweza kutamka kwamba meya hawezi kuendelea na kazi, nayo haijawahi kutumika kabisa. Gavana Kathy Hochul alifanya mashauriano Februari 2025, kisha akaamua kutomwondoa na kupendekeza badala yake usimamizi mkali zaidi juu ya ofisi ya meya, akisema wapigakura wenyewe waachiwe uamuzi mwaka uleule. Nadhani alifanya busara. Gavana kumng’oa meya aliyechaguliwa, na meya Mweusi juu ya hapo, katika mwaka wa uchaguzi, kungempa Adams ile sura ya kuonewa ambayo baadaye mahakama ilimnyima.

Fedha nazo zilikuwa na sehemu yao, na watazamaji wengi wa mbali huzisahau. New York ina mfumo wa jiji kuongezea michango midogo ya wananchi: kila dola anayochanga mkazi, hadi kiasi fulani, huongezewa dola nane kutoka hazina ya umma. Mwaka 2021 kampeni ya Adams ilipata zaidi ya dola milioni 10 kwa njia hiyo. Desemba 2024 Bodi ya Fedha za Kampeni ilimnyima fedha hizo kwa uchaguzi uliokuwa ukija, na kufutwa kwa kesi hakukuirudisha nyuma, kwa sababu bodi haifungwi na kipimo cha mahakama ya jinai. Yenyewe inauliza kama mgombea amefuata kanuni na kutoa nyaraka alizoombwa. Mgombea anayenyimwa fedha hizo ni kama mkimbiaji aliyefungwa gunia la mchanga mgongoni huku wenzake wakikimbia mikono mitupu.

Tarehe 3 Aprili, siku moja baada ya uamuzi wa Jaji Ho, Adams alitangaza kwamba hatashiriki kura za maoni za Chama cha Demokrasia, atasimama kama mgombea binafsi. Aliihesabu vema hatari ya kushindwa mapema, lakini alijitoa mahali ambapo uchaguzi wa New York kwa kawaida huamuliwa. Katika kura za maoni za Juni 24 mpigakura aliruhusiwa kupanga hadi wagombea watano kwa mpangilio anaoutaka, utaratibu ulioanza kutumika 2021, na anayeshika mkia akiondolewa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Utaratibu huo huwanufaisha wanaoweza kushirikiana. Zohran Mamdani, yule kijana wa Kampala uliyemtaja, mbunge wa jimbo kutoka Queens, sehemu nyingine ya jiji, na Brad Lander, mkaguzi wa fedha za jiji, kila mmoja aliwaomba wafuasi wake wampange na mwenzake kwenye karatasi ya kura, na hesabu ya mwisho ikampa Mamdani zaidi ya asilimia 56 dhidi ya Andrew Cuomo, gavana wa zamani aliyejiuzulu 2021 kutokana na tuhuma za kuwanyanyasa wanawake kingono, tuhuma anazozikana.

Ningekuwa nakudanganya kama ningesema watu walipiga kura wakimfikiria Adams tu. Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa midomoni. Jiji lina nyumba za kupanga zipatazo milioni moja ambazo nyongeza yake ya kodi hupangwa na bodi inayoteuliwa na meya, na bodi ya Adams ilipandisha kodi hizo kila mwaka, wakati meya aliyemtangulia, Bill de Blasio, aliacha miaka kadhaa ipite bila nyongeza kwa mikataba ya mwaka mmoja. Mamdani aliahidi kusimamisha nyongeza, kufanya mabasi yawe ya bure na kuwahudumia watoto wadogo bila malipo. Iwe ahadi hizo zinatekelezeka au hazitekelezeki, zilizungumza juu ya mfuko wa mpangaji, wakati meya aliyekuwa madarakani alikuwa akitumia pumzi yake yote kujieleza mwenyewe.

Adams aliendelea hadi Septemba 28, 2025, alipotangaza kwa video kwamba anaacha mbio, akitaja uvumi wa vyombo vya habari na kunyimwa fedha za umma. Muda wa kuondoa jina ulikuwa umepita, hivyo likabaki kwenye karatasi. Mwezi uliofuata alimuunga mkono Cuomo, mtu ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa akimshambulia kwa maneno makali. Novemba 4 walijitokeza wapigakura zaidi ya milioni mbili, idadi ambayo haikuwa imefikiwa katika uchaguzi wa meya tangu 1969. Mamdani alipata zaidi kidogo ya nusu ya kura, Cuomo takriban asilimia 41, Curtis Sliwa wa Republican kama asilimia 7, na jina la meya aliyekuwa ofisini likaambulia chini ya asilimia moja.

Kuhusu Kampala, kanuni uliyoisikia ni ya kweli, ila ni ya cheo kingine. Katiba ya Marekani inamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa; meya wa New York anatakiwa kuwa raia na mkazi wa jiji. Mamdani alizaliwa Kampala Oktoba 1991, mtoto wa Mahmood Mamdani, msomi aliyefukuzwa Uganda pamoja na Waasia wenzake mwaka 1972 na ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere, na wa mtengeneza filamu Mira Nair. Alihamia New York akiwa na miaka saba na akawa raia wa Marekani mwaka 2018. Aliapishwa mara baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia Januari 1, 2026, akiwa meya wa kwanza Mwislamu na wa kwanza mwenye asili ya Asia Kusini. Lakini si wa kwanza kuzaliwa ng’ambo: Abraham Beame, meya wa miaka ya 1970, alizaliwa London, Vincent Impellitteri alizaliwa Sicily, na William O’Dwyer, aliyemtangulia Impellitteri, alizaliwa Ireland. O’Dwyer huyo aliacha kiti mwaka 1950, kashfa ya rushwa ndani ya polisi wa jiji ilipokuwa ikimkaribia, akapelekwa Mexico kuwa balozi.